Asilimia Mbili

Walinipa jedwali lenye safu tatu:
thamani ya kitu, ukubwa wa athari, maoni.
Kwenye maoni, wakasema, mstari mmoja unatosha.

Mahali: maegesho nyuma ya duka la Pugh na Wanawe,
lililofungwa tangu mafuriko yalipopanda hadi kaunta ya vitambaa.
Mradi: ghorofa sita, nyumba themanini na nne, mkahawa chini.
Mji: Llanfedwen, mpakani mwa Welisi,
ambako mvua haibishi hodi.

Tulichimba mahandaki matatu.
La kwanza: lami, kifusi, bomba la gesi lisilojulikana na ramani yoyote.
La pili: maji.
La tatu, Heledd akaguta mara moja, kama aliyekanyaga mwiba,
akaweka sururu chini, akashika mwiko.

Mashimo ya kulowekea ngozi, matano,
mbao zake zimesimama bado katika tope jeusi,
na harufu. Miaka mia sita, na harufu ile
ikamfukuza mwenye mbwa aliyekuwa akichungulia uzioni.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Huulizwa kwa kejeli, ili jana inyamaze.
Mimi nalipwa mshahara kulijibu swali hilo.
Mla jana kala chaza, waliobebwa siku mbili kutoka pwani.
Kala plamu, akatema kokwa palepale aliposimama.
Kala mkate wenye mchanga wa jiwe la kusagia;
jino lake linatoa ushahidi.
Na paka huyu mwenye alama za kisu pajani?
Pengine walitaka ngozi tu.
Siandiki nisichokijua.

Kisha kiatu.
Cha mtoto, mguu wa kushoto,
urefu wa kiganja changu bila vidole.
Kisigino kimelika upande wa nje:
alikuwa akiburuta mguu, huyu.
Heledd alikiosha ndani ya kopo la aiskrimu
na hakuna aliyesema neno hadi saa ya chai.

Bwana Marchbanks wa kampuni alikuja na kofia ngumu mpya,
bei ikiwa bado imebandikwa ndani.
Si mtu mbaya. Alichuchumaa, akauliza kama mtoto ana jina.
Halafu akakunjua mchoro juu ya boneti:
nguzo arobaini za zege, kushuka hadi kwenye changarawe.
"Zitakula asilimia mbili tu ya ardhi.
Tisini na nane italala salama chini ya sakafu."
Nikapiga hesabu, nikarudia.
Ni kweli. Mbili.

Usiku nikakumbuka kwamba ubongo
ni kama asilimia mbili ya uzito wa mtu.
Nikainuka, nikachemsha maji, sikunywa.

Kwenye mkutano wa mji nilionyesha picha.
Watu wakapiga makofi kwa kiatu.
Bi Morfudd Probert, ambaye mama yake aliuza glavu kwa Pugh,
akasimama bila kuombwa:
"Kizuri, sawa. Lakini miaka kumi na mmoja
natazama maegesho matupu toka dirishani,
na mjukuu wangu analala kwenye sofa za watu
na mtoto mgongoni. Huyo naye ana viatu."
Akaketi.
Sikuwa na slaidi ya kumjibu.

Basi sikuandika wasijenge.
Niliandika: nguzo namba kumi na saba isogezwe
mita moja na nusu kuelekea mashariki.
Wiki tatu za barua, mhandisi, gharama, barua.
Ikasogezwa.
Thelathini na tisa nyingine zilishuka zilikopangwa.
Nilisimama pale siku ya kwanza ya mashine;
vikombe vilitetemeka kwenye kibanda chetu,
na kila pigo nilijiuliza limepita wapi.

Thamani: kubwa.
Athari: ndogo. (Nilifuta. Nikaandika tena. Ndogo.)
Maoni:
Mguu wa kulia haujaonekana.